Mmoja Aoshe, Mmoja Akaushe

"Norman, ukipita tena hapo miguuni mwangu nitakuchapa."

Ina alisema hayo bila kugeuka, mikono imezama kwenye unga wa mkate wa magadi. Mumewe, Norman Gilliland, akasimama katikati ya jikoni, kitambaa cha vyombo begani, akajifanya anatafuta kitu. Hakuwa anatafuta chochote. Tangu alfajiri alikuwa kiguu na njia. Anaenda zizini kuangalia kondoo wanaozaa, anarudi kabla hajawaangalia vizuri, analowesha sakafu kwa mabuti, anatoka tena.

"Na hicho kitambaa begani ni cha nini?"

"Mazoea tu."

"Basi jizoeshe kukitundika."

Akakitundika kwenye kile chuma cha mbele ya jiko, mahali pake pa siku zote. Punde kilikuwa begani tena, na mwenyewe hakujua kimefikaje.

Tatizo lilikuwa hili, nami sitalizungusha: Norman alikuwa na neno la kumwambia mkewe, neno zito, na hakuwa na mahali pa kulisemea.

Najua kuna atakayecheka. Nyumba nzima ile, vyumba juu na chini, malisho mpaka kule mtoni, halafu mzee mzima anasema hana mahali pa kusemea neno! Lakini anayecheka hawajui wafugaji wa vilima vya Tyrone, nchi ya mvua na baridi. Hawa ni watu ambao mwanamume akikuambia "si mbaya," ujue karibu alie kwa furaha. Mketishe mbele ya mkewe, mwambie amtazame usoni atoe la moyoni, utamuua. Norman na Ina walikuwa na miaka arobaini ya ndoa, na katika miaka yote hiyo kila neno la maana lilisemwa mahali pamoja tu: kwenye sinki, baada ya kula, Ina akiosha na Norman akikausha.

Walisimama bega kwa bega, macho dirishani, wakitazama ua na kuku na banda la trekta. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mikono ilikuwa na kazi yake, basi mdomo ukapata uhuru. Pale ndipo Ina alipomwambia ana mimba ya Lorna. Norman akasema "Haya," akakausha uma mmoja mpaka ukang'aa. Pale ndipo walipomlilia mtoto wao wa pili, yule ambaye hakuishi, na machozi yote yakaishia kwenye kitambaa kwa sababu ndicho kilichokuwa mkononi. Na sheria waliijua wote wawili ingawa hakuna aliyeitunga: maneno ni mpaka maji yapoe. Maji yakipoa, Ina anachomoa kizibo, Norman anatundika kitambaa, na jambo limekwisha. Hakuna wa kulifufua sebuleni wala kitandani.

Halafu ikaja mashine.

Sijui nani aliyewadanganya watoto wa siku hizi kwamba kila kazi ya wazazi wao ni mateso. Lorna, binti yao anayekaa Belfast, alikuja na mumewe siku wazee walipotimiza hiyo miaka arobaini, wakashusha garini mashine ya kuoshea vyombo, nyeupe, nzito, imefungwa utepe mwekundu. Wakaisukumiza pale palipokuwa na kabati la sufuria. "Sasa mtapumzika, Mama! Na wewe Baba, tupa hicho kitambaa!" Wazee wakasema asante, wakasema si mbaya. Wangesema nini? Zawadi ni zawadi. Tangu hapo wakimaliza kula Ina anapanga sahani ndani ya lile tumbo, anabonyeza kidude, linaanza kunguruma, na wao wanabaki kila mtu na mikono yake mitupu, mmoja huku, mwingine kule.

Na vile vitambaa vya Ina, wee! Kila kimoja kilikuwa na cheo. Cha kitani chakavu, laini, kilikuwa cha glasi peke yake. Cha mistari ya bluu, cha sahani. Chenye tundu la moto, cha kushikia sufuria. Kimoja kilifunika mkate ukitoka jikoni ili ganda lisiwe gumu, kingine kilimlaza Ina mchana akikiweka machoni, kingine kiliua nzi. Kile chenye picha ya mnara wa taa wa baharini, alicholetewa na dada yake, hakuna aliyethubutu kukilowesha. Mwaka mmoja Norman alinyakua cha glasi akaenda kumsugulia mwanakondoo aliyezaliwa anatetemeka. Mwanakondoo alipona, ila Norman alilala na maneno ya mkewe masikioni. Sasa vyote vilikuwa vimekunjwa, havina kazi, vimekauka vinakwaruza.

Sasa neno lenyewe. Jumapili, Ina alipobaki kanisani kwa kikao cha akina mama, simu ya kwenye korido ililia. Alikuwa Ivan, kitinda mimba wao, yuko New Zealand alikokwenda kukata manyoya ya kondoo kwa msimu mmoja, na msimu ukazaa misimu. Pasaka hii ndiyo alitegemewa kurudi, ashike shamba, baba yake apumzishe mgongo.

"Baba, sirudi."

Norman akakamata ukuta.

"Nimempata mtu huku. Na baba yake ana shamba, anataka tulishike sisi. Baba? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ongea na Mama. Tafadhali, Baba. Ongeeni."

"Hali ya hewa vipi huko?" akauliza Norman, Mungu amsamehe.

Ivan akamwambia kuna jua. Kisha akasema atampigia Lorna Ijumaa jioni amweleze na yeye, wakaagana kama watu waliouziana ndama.

Hapo ndipo Norman alipoanza kuhesabu siku. Kwa maana Lorna hana kifua. Mwambie jambo jioni, asubuhi limefika sokoni. Na Jumamosi Lorna alikuwa anakuja kunywa chai kwa mama yake. Atavuka kizingiti tu na neno limeshamtoka, na Ina atalipokea hivyo hivyo, birika mkononi, mbele ya mkwe. Naye Ina huko juu, masikini ya Mungu, alikuwa anapaka rangi chumba cha Ivan. Alikuwa amenunua mapazia. Norman akipita chini ya ngazi na kusikia brashi inavyokwenda ukutani, moyo ulimchoma.

Alijaribu, tusimwonee. Jumatatu alijaribu garini, wakienda mnadani. Garini kuna afadhali, watu wanatazama mbele. Akakohoa, akasema, "Ina, kuhusu Ivan..." na Ina akaruka kwenye kiti: "Tazama nyasi za akina Boyd zilivyooza!" Akazisema nyasi za majirani hao mpaka wakafika mjini, bila kupumua, yeye ambaye nyasi hazimhusu.

Jumatano alijaribu mezani. Aliweka uma chini. Ina naye akaweka uma chini. Wakatazamana juu ya bakuli la viazi, na ilikuwa balaa.

"Una nini wewe? Umemeza sindano?"

"Hapana. Na wewe?"

"Mimi nina nini?"

"Basi."

"Basi."

Wakarudi kwenye viazi. Mashine ikanguruma.

Jioni ile ile alipanda hadi kwenye chumba cha Ivan, amejikaza kisabuni, akamkuta Ina juu ya ngazi, nywele zina matone ya rangi ya maziwa. Norman akautazama ukuta. Ule ukuta ulikuwa umeshapakwa, ulishakauka, na Ina alikuwa anaupaka tena.

"Si ulimaliza huu?"

"Haukukaa vizuri. Nishikie ngazi."

Akashika ngazi. Ndiyo kazi aliyopata. Kutoka pale chini aliona visigino vya mkewe tu, na mtu hawezi kuviambia visigino kwamba mwanao harudi. "Norman," akaita Ina kutoka juu. "Naam?" Brashi ikasimama. Kisha ikaanza tena. "Hamna kitu. Shika vizuri."

Ndiyo maana Alhamisi nzima alizurura na kitambaa begani mpaka akatishiwa kuchapwa. Usiku akajigeuza kitandani, na Ina akajigeuza, na hakuna aliyesema "hulali?" Ijumaa alipoamka alikuwa amekata shauri: mashine lazima ife.

Hakutaka kuivunja, zawadi ya mtoto haivunjwi. Alitaka igome siku moja tu. Kila plagi ya kule ina fyuzi ndogo tumboni, kijiti cha kauri kisichozidi fundo la kidole, na ukikitoa, hata umeme wote wa dunia haufiki. Fundi akija atatia nyingine, atasema ni bahati mbaya, na hakuna wa kulaumiwa. Norman akatia bisibisi mfukoni. Akangoja. Karibu na saa sita Ina akachukua kikapu kwenda kuokota mayai, na mzee akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, magoti yakamlalamikia, akachomoa plagi, akaifungua, jasho linamtiririka kana kwamba anaiba kanisani.

Hamkuwa na fyuzi.

Akaigeuza plagi. Akapuliza ndani. Akaichungulia kwenye mwanga wa dirisha. Patupu, pale pake pako wazi, hapana kitu. Na kuku kule uani wakaanza kelele, maana yake Ina anarudi, basi akakaza skrubu haraka haraka, akachomeka plagi, akainuka na kufuta kila dalili usoni.

"Ulikuwa unafanya nini chini?"

"Kifungo kilidondoka."

Ina akamtazama shati. Vifungo vyote vilikuwepo.

Wakala soseji na kabichi na viazi. Ina akapanga vyombo ndani ya mashine, akafunga mlango, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Imekufa," akasema Ina.

"Imekufa?"

"Kabisa."

"Ah. Pole yake," akasema Norman.

"Lete birika basi. Tutaosha kwa mikono, tutafanyaje."

Akaitoa kila sahani, akajaza sinki, povu likapanda. Norman akaenda kwenye chuma cha jiko kuchukua kitambaa cha mistari ya bluu, hakukikuta. Aligeuka akamwona Ina ameinama kwenye droo ya chini kabisa. Droo ile, nikwambie, ilifunguliwa kwa misiba na kwa mchungaji tu. Akatoa kitambaa cha kitani cheupe, kile walichopewa siku ya harusi, kingali kimefungwa kwenye karatasi yake ya bluu. Mikunjo yake ilisimama kama ubao.

"Hicho?" akauliza Norman. "Una wazimu?"

"Chukua."

Akachukua. Wakasimama bega kwa bega. Nje mvua ilikuwa imekatika, jogoo anaparua kando ya banda. Ina akaosha glasi ya kwanza, akampa. Norman akaifuta, akaifuta tena, na maji yakahama upande huu yakaenda upande ule, yakabaki yale yale. Kitani kipya ndivyo kilivyo. Mpaka kifuliwe mara nyingi ndipo kijifunze kunywa maji.

"Hiki hakinywi."

"Kausha tu."

"Nitakausha glasi moja mpaka kesho."

"Ndiyo," akasema Ina.

Sahani ya kwanza ikaja. Norman akaipokea. Akatazama trekta. Sasa au kamwe.

"Ivan alipiga simu Jumapili."

"Najua."

"Unajua nini? Hukuwepo. Ina, sikiliza, sijui nilisemeje hili. Harudi. Kijana harudi. Amepata mwanamke huko na shamba la mkwe, na mimi wiki nzima nakuona na ile brashi, na mapazia yale, na nimeshindwa. Nimeshindwa, basi."

Mikono ya Ina haikusimama. Ilisugua bakuli la viazi ndani, ikasugua nje.

"Mimi ndiye niliyemwambia asirudi."

Norman alidhani hakusikia vizuri. Kisha alijua amesikia.

"Wewe?"

"Mimi. Alinipigia mwanzo, kabla ya Krismasi, wewe uko na ng'ombe. Alikuwa analia, Norman, jitu zima lile. Anampenda binti wa watu, anapapenda kule, lakini anasema atarudi kwa sababu ya Baba. Nikamwambia baki. Nikamwambia ukirudi kwa sababu ya Baba, mimi nitakufungia mlango."

"Hukuniuliza!"

"Sikukuuliza."

"Mwanangu! Shamba la babu yangu! Unakata mambo hayo kwenye simu, peke yako, halafu unapanda ngazi kupaka rangi?" Sauti yake ilikuwa imepanda, na haikuwa imepanda kwenye nyumba ile tangu mwaka ng'ombe wao walipoingiwa na homa. Hasira ilimkaba. Alihisi ameibiwa, na mwizi amesimama ubavuni kwake na povu mpaka kwenye viwiko.

"Nilipaka rangi kwa sababu nilikuwa nakuogopa," akasema Ina. "Mikono ilikuwa haina pa kukaa. Kila nikitaka kukuambia, nakukuta uso kwa uso. Garini ukataja jina lake, nikaingiwa na kichaa nikaanza nyasi za Boyd. Nikamwambia Ivan mpigie baba yako mwenyewe, na sisi tutaongea. Tutaongea wapi? Na dude lile linanguruma?"

"Ungeniuliza ningesema arudi."

"Najua. Ndiyo sababu."

Akampa jagi la maziwa. Jagi la zamani, la kauri ya kahawia, limepasuka kidogo mdomoni. Hakuliachia mara moja. Walilishika wote wawili.

"Unakumbuka jagi hili?"

"Nikumbuke nini? Jagi ni jagi."

"Ulilikausha hapa hapa, mwaka ule tulipooana, majira ya baridi. Ukasema kabla hujanioa ulikuwa umepata kazi ya reli Kanada. Nafasi ya meli ipo, sanduku limefungwa, liko chini ya ngazi. Baba yako akauliza nani atakamua. Ukafungua sanduku, ukatoa mashati, ukaenda kukamua. Ulilisema mara moja tu, Norman. Ulikuwa unakausha jagi hili huku unazungusha, unazungusha, mpaka maji yakapoa. Hukulitaja tena."

Norman alilitazama lile jagi.

"Nilidhani umesahau," akasema.

"Nilikuwa naosha. Sikuwa kiziwi."

Kuku mmoja aliruka juu ya trekta. Hakuna aliyemfukuza. Norman alitaka kurudi kwenye hasira yake, maana hasira alikuwa anaijua, lakini hakuiona ilipokwenda. Mahali pake palikuwa na sanduku chini ya ngazi, na mashati yanayonuka kafuri, na kijana mmoja anakwenda kukamua gizani huku amekasirika na ng'ombe wasio na kosa. Na yule mwingine, Ivan, aliyemwambia kuna jua. Akainua kitambaa cha harusi akajifuta macho, na kitambaa kikayasogeza machozi kutoka shavu hili hadi lile.

"Hata haya hakiyanywi," akasema, na kicheko kikamtoka hakujua kimetoka wapi.

Ina akacheka pia, pua imejaa. Akajifuta mkono kwenye aproni, akatia vidole mfukoni, akatoa kitu kidogo cheupe, akakiweka kwenye ukingo wa dirisha. Fyuzi.

Norman akaitazama. Kisha akatia mkono wake mfukoni, akatoa bisibisi, akailaza kando ya fyuzi.

"Kifungo, eh?" akasema Ina.

"Kifungo."

Vyombo vilikuwa vimekwisha. Sufuria ya mwisho ilisimama inachuruzika, na kitambaa kilikuwa kimelowa mpaka pindo, kimeanza sasa kulainika. Ina alichovya vidole kwenye sinki.

"Maji yamepoa," akasema, taratibu, na mkono wake ukaenda kwenye kizibo, kwa sababu sheria ni sheria.

Norman akashika kifundo cha mkono wake. Akaenda kwenye jiko, akainua birika, akalimimina lote kwenye sinki, mvuke ukapanda mpaka dirisha likaziba na ua usionekane. Kisha akafungua kabati la juu, akashusha sahani, zile za kila siku na zile za wageni, akazitumbukiza zote kwenye povu.

"Norman, hizo ni safi."

Akakirusha kitambaa begani, akasimama mahali pake.

"Osha," akasema.